Jinsi ya kupanga msafara wa baiskeli wa hisani Dar mpaka Mwanza, na mkafika wote

Kila anayeona ile picha yetu pale Jiwe la Bismarck, tumechafuka kama mafundi gereji huku tunacheka, anauliza swali lilelile, mlifanyaje? Nimejibu kwa voisi mpaka koo limekauka kwahiyo leo naandika yote mara moja, we mwenye kikundi chako chukua unachotaka. Sisi tulikuwa 14 kwenye baiskeli na wawili kwenye gari, kilomita kama 1,200 kwa siku 13, tunachangisha hela ya vyoo na tanki la maji la shule moja ya msingi kule Misungwi aliyosoma mwenzetu mmoja. Hakuna mwanariadha hata mmoja. Kuna mhasibu ana kitambi kabisa na ndo alikuwa wa kwanza kumaliza kupanda Gairo, sijui alikuwa anakimbia nini.

Kama hutaki kuumiza kichwa kupanga wa kwenu kuna msafara wa Twende Butiama, ule wa kumuenzi Mwalimu, unatoka Dar mpaka Butiama, jiunge tu. Ila kama mna jambo lenu mnataka kulichangia wenyewe, endelea kusoma.

1. Hela kwanza, baiskeli baadaye

Najua ulitaka nianze na baiskeli. Lakini vikundi viwili ninavyovijua vilivyokufa kabla hata ya kufika Kibaha vyote vilifia kwenye hela, hakuna kilichofia kwenye miguu.

Sheria ni moja tu, hela ya mchango haigusi hela ya safari. Haikopwi "tutarudisha tukifika Dodoma", haijazi mafuta, hainunui hata maji. Kila mwendeshaji anajilipia ugali wake, gesti yake na fungu lake la gari. Kwetu gesti za njiani zilikuwa kati ya elfu 15 na elfu 25, usiku 12, chakula tukapiga elfu 15 kwa siku, mafuta ya Hiace kwenda na kurudi tukagawana, ukiweka na akiba ya dharura kila mtu alitoa laki 5 na nusu, kwa awamu, kuanzia Januari. Asiyeweza atafute mdhamini, sawa kabisa, ila mdhamini aambiwe wazi kwamba analipia safari ya mtu na sio matundu ya choo. Watu hawakasiriki wakiambiwa mapema, wanakasirika wakigundua wenyewe.

Mchango unaingia akaunti ya kikundi yenye sahihi tatu, mbili lazima ziwepo ndo hela itoke, na mmoja wa hao watatu asiwe mwendeshaji. Sisi tulimuweka mama mmoja wa kamati ya shule na huyo mama alikuwa mkali kuliko benki. Lipa namba nayo iwe ya kikundi. Namba binafsi hata iwe ya mtu mwaminifu namna gani, siku mtandao ukisumbua tu maneno yanaanza.

Njia iliyotuletea hela nyingi ni ahadi kwa kilomita. Unamwambia mtu "nichangie shilingi 100 kwa kila kilomita", anacheka, anakubali, halafu unampigia hesabu palepale mbele yake kwamba 1,200 mara 100 ni laki na ishirini, uso unabadilika kidogo ila ameshasema ndiyo. Mwandike. Na nusu uichukue kabla hamjatoka maana mkishafika salama watu wanapoa, simu haipokelewi, mara yuko kwenye kikao. Kila jioni mnatuma kwenye grupu la watsapu mmefika wapi na kapu limefika shilingi ngapi, hiyo ndo inawaamsha waliolala.

Na kabla ya yote hayo nendeni shuleni mkachukue makadirio ya fundi kwa maandishi, yamegongwa mhuri wa kijiji. "Tunachangia elimu" haichangishi mtu. "Matundu 8 na tanki la lita 5,000" inachangisha.

2. Vibali

Andika barua mapema kwa polisi wa usalama barabarani wa kila mkoa mnaopita na nakala kwa wakuu wa wilaya mnazolala. Mikoa ni nane, Dar, Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga na Mwanza. Wengi wanaisahau Tabora kwa sababu hampiti Tabora mjini, lakini Igunga na Nzega zote ni Tabora, na sisi tulikuwa kati ya hao waliosahau, tukasimamishwa kwenye kizuizi kimoja tunajieleza kwenye jua la saa saba mchana wakati barua za mikoa mingine yote tunazo mkononi. Toa kopi nyingi, weka kwenye nailoni. Majina yote, namba za NIDA, namba ya gari, tarehe mtakazolala wapi.

3. Mwezi gani, kutokea upande gani

Juni mpaka Agosti. Masika imeisha, kanda ya kati pakavu, asubuhi kuna baridi nzuri ya kuendeshea. Na mtoke Dar kwenda Mwanza, msigeuze. Miezi hiyo upepo unatoka kusini mashariki na nyie mnaelekea kaskazini magharibi, kwahiyo sehemu kubwa unasukumwa mgongoni. Singida pale upepo sio wa mchezo, kuna jamaa tulipishana nao wanakuja Dar wameinamia usukani kama wanasukuma ukuta, tukawapungia mkono kwa huruma.

Ila msidanganyike na upepo, safari yenyewe ni ya kupanda. Mnaanzia baharini, na Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, halafu katikati hapo mnapanda mpaka Singida iliyo juu zaidi ya ziwa, mnashuka, mnapanda tena.

4. Baiskeli na spea

Baiskeli yoyote yenye giya na breki za uhakika itafika. Tulikuwa na za milimani, za mtumba kutoka Japani, mbili za resi zenye matairi membamba. Hizo za resi ndo zilizotusumbua, maana njiani fundi baiskeli wapo wa kumwaga, hasa ukishaingia Usukumani kila kijiji kina mtu chini ya mti na beseni lake la maji, lakini spea walizonazo ni za Phoenix. Tyubu zenye valvu nyembamba hutapata, cheni ya giya nyingi hutapata, pedi za breki za diski ndo usahau kabisa. Kwahiyo kama mnaweza, wote mwe na saizi moja ya tairi na valvu nene ya kawaida. Mnabeba spea za aina moja, pampu moja inajaza wote, na ukikwama Kintinku mwenye bodaboda anakusaidia.

Kwenye gari tulibeba tyubu 30, matairi manne, cheni tatu, waya za breki na za giya, spoki, solusheni na viraka vya kutosha, pampu mbili za kusimama. Tyubu 30 watu walituona waoga. Tulirudi na nne.

Sababu ni mbigili. Sikiliza hii vizuri. Unatoka Dodoma, jua limekolea, unaona mti una kivuli kizuri mita kumi kutoka lami, unashuka, unaikokota baiskeli mpaka kivulini, unakunywa maji, unapiga stori. Ukirudi barabarani matairi yote mawili yamelala. Ukiyaangalia kwa karibu unakuta vile vijimiba vya pembe pembe vimekaa kwenye mpira kama vifungo vya shati, ukichomoa kimoja unasikia ssss, cha pili ssss. Siku ya Bahi tulipata pancha 11 kwa sababu ya kivuli kimoja. Tangu hapo ikawa sheria, ukitoka kwenye lami baiskeli inabebwa begani, haikokotwi, hata kama ni hatua tatu. Na ukibadilisha tyubu pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, mwiba uliobaki utaitoboa tyubu mpya hata kilomita haijaisha.

5. Miguu na makalio

Miezi mitatu inatosha. Jumamosi na Jumapili ndo siku za maana, anza na kilomita 40, panda mpaka mtu aweze kufanya 100 Jumamosi na Jumapili yake akaamka akafanya 80 bila kulia. Hiyo ya pili ndo mtihani, maana kilomita 100 mara moja kila mtu anaweza, shida ni kesho yake.

Na sasa tuongee kama watu wazima. Kitakachokurudisha nyumbani ni makalio. Nunua kaptula zenye pedi angalau mbili, vaa BILA chupi ndani, najua mnaona aibu ila mshono wa chupi siku ya tatu unakuwa msumeno. Paka mafuta ya mgando kila asubuhi sehemu zote zinazosuguana, fua kaptula kila jioni, na ukifika gesti ivue palepale, usikae nayo unachati huku imelowa jasho. Mmoja wetu alijifanya mgumu siku tatu, siku ya nne alilala kifudifudi kwenye siti ya nyuma ya Hiace kutoka Morogoro mpaka Gairo.

6. Njia, siku kwa siku

Kilomita hizi ni za kukadiria, mita ya baiskeli yako itakwambia yako.

Siku ya 1, Dar mpaka Bagamoyo, 65. Msipite Kibaha. Barabara ya Kibaha mpaka Chalinze imebeba malori ya Zambia, Kongo, Rwanda, mabasi ya nchi nzima, hapana. Zunguka Bagamoyo, mbali kidogo ila mnapumua. Siku fupi hii ni ya makusudi, ndo mtagundua nani keria yake imelegea na nani kasahau kiatu.

Siku ya 2, Bagamoyo, Msata, Chalinze, kama 100. Bagamoyo hadi Msata ni lami ya kilomita 64, magari machache, yaani raha. Ukifika Chalinze kula nanasi, usiulize kwa nini.

Siku ya 3, Chalinze mpaka Morogoro, 85. Hapa malori hamuyakwepi. Tokeni saa 12 kamili asubuhi, mpangane mmojammoja.

Siku ya 4, Morogoro mpaka Gairo, 130. Pale Msamvu ndo mnaachana na malori ya Zambia, yao ni njia ya Iringa. Dakawa mnavuka mto Wami, Dumila mnakula mshibe kwelikweli maana baada ya hapo ni kupanda, Dumila iko chini ya mita 500 na Gairo iko juu ya mita 1,100. Giya ndogo, usisimame kwenye pedeli, usishindane na lori linalopanda ingawa linakwenda mwendo wako na dereva anakucheka dirishani.

Siku ya 5, Gairo mpaka Dodoma, 130. Kibaigwa kwenye soko la mahindi chunga malori yanayorudi nyuma. Salamu huku ni mbukwenyi, ukiisema vizuri utapewa na maji.

Siku ya 6, pumzika Dodoma. Badilisheni matairi yaliyoisha hapa, ndo duka la mwisho la uhakika.

Siku ya 7, Dodoma mpaka Manyoni, 125. Mnashuka bonde la Bahi, kumenyooka, kuna joto, halafu mwishoni wakati miguu imekwisha inakuja Saranda, mlima wa kutoka bondeni. Tulifika saa 11 jioni, hakuna aliyeongea mpaka kuku alipofika mezani.

Siku ya 8, Manyoni mpaka Singida, 115. Upepo. Jaketi.

Siku ya 9, Singida mpaka Igunga, 140, na humo ndani kuna Sekenke. Hii naomba nikae nayo. Sekenke ni mteremko mkali wenye kona, malori yanashuka kwa giya ndogo, utasikia harufu ya breki kabla hujayaona. Tulisimama juu kabisa, tukakagua breki za kila mtu moja moja, gari likatangulia na taa zimewashwa, afu tukashuka mmojammoja kwa kuachiana dakika nzima. Breki unabana unaachia, unabana unaachia, ya mbele na ya nyuma, ukiishikilia moja kwa moja rimu inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Anayeogopa ashuke kwa miguu, wanne walishuka kwa miguu na hakuna aliyewatania, tulishakubaliana tangu Dar. Ukifika Shelui chini unatetemeka mikono. Baada ya hapo ni mbuga tupu mpaka Igunga, unaendesha huku umelala.

Siku ya 10, Igunga, Nzega, Tinde, Shinyanga, 150. Ndefu ila tambarare. Siku ya 11 tukapumzika Shinyanga, mji wenye watu wanaojua baiskeli kuliko sisi wote, pale kuna daladala za baiskeli, unakaa kwenye keria unapelekwa.

Siku ya 12, Shinyanga mpaka Misungwi, 120. Karibu na Maganzo, tumevaa helmeti na miwani na jezi zinazong'aa, akatupita mzee mmoja na Phoenix yake, nyuma kafunga gunia mbili za mkaa, kavaa ndala. "Mwangaluka." Tukaitika mwangaluka huku tunahema. Akapotea mbele. Mhasibu akasema tumpe yeye hela tukalale.

Shule iko Misungwi kwahiyo tulilala hapo, watoto wakaimba, mkuu wa shule akahutubia muda mrefu kidogo. Siku ya 13 tukamalizia zile 45 za Mwanza asubuhi, kupitia Usagara, kabla foleni ya mjini haijachanganya.

7. Kundi barabarani

Msiende watu 14 kwenye mstari mmoja. Basi likitaka kuwapita linahitaji nafasi ya kilomita nzima, dereva anakata tamaa, anajiingiza, linakuja la mbele, wa kuumia ni nyie. Gawaneni makundi ya watu 6 mpaka 8, kati ya kundi na kundi acheni mita 200 au 300 basi lipate pa kurudi upande wake.

Wa mbele anaita, "shimo!", "tuta!", "gari mbele!", na neno linarudi nyuma mdomo kwa mdomo. Wa nyuma kabisa sisi tulimwita mfagizi, ana filimbi, simu yenye chaji na roho ngumu, hakuna anayebaki nyuma yake hata kama anakojoa. Kasi ni ya yule wa mwisho. Kila siku kutakuwa na wawili watatu wanaoona wanacheleweshwa, wape kazi, wabebe pampu, wakatangulie kuagiza chakula.

Gari linakaa nyuma ya kundi la mwisho, taa za hazadi, bango nyuma. Dereva asiwe mtu wa haraka, na asiendeshe baiskeli kesho yake. Giza likiingia baiskeli zinapanda juu ya gari, hakuna mjadala, zimebaki kilomita 5 au 2. Aliyechangia kwa kilomita mwambieni ukweli, sisi tulikatwa kilomita 9 na mchangiaji mmoja aliyekuwa makini sana.

8. Kula na kunywa

Lita 5 kwa mtu kwa siku, Dodoma mpaka Singida weka 6. Usisubiri kiu. Beba pakiti za ORS, zikiisha tengeneza, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, koroga, kunywa taratibu. Maji matupu siku nzima bila chumvi yanakuangusha vilevile.

Asubuhi uji mzito na chapati mbili au kiporo cha wali maharage, kwenye mfuko wa mgongoni karanga, ndizi, viazi vitamu vilivyochemshwa. Mchana kula kidogo. Chipsi mayai mchana halafu upande Saranda, utakuja kunitafuta. Ugali wenyewe uwe wa usiku, kula mpaka mhudumu ashangae.

9. Kufunga hesabu na kurudi

Wiki mbili baada ya kufika tulituma kwa kila mchangiaji karatasi moja, kilichoingia, kilichotoka, picha za risiti za saruji na tanki, sahihi ya yule mama. Hata aliyetoa shilingi 500 alitumiwa. Miezi mitatu baadaye mtu mmoja wetu akaenda kufungua bomba akarekodi maji yakitoka, tukatuma na hiyo.

Baiskeli zilirudi Dar juu ya Fuso lililokuwa linarudi tupu, wapo wengi, ulizia sokoni mapatano yawe kabla ya kupakia. Geuza usukani ulale sambamba na tairi, weka maboksi kati ya baiskeli na baiskeli, toa pedeli zote maana ndo zinazochubua fremu za wenzako. Ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto ni kinyume, unazungusha kufuata mshale wa saa. Tulivunja spana moja kabla hatujakumbuka hilo.